Duka Haligawiwi kwa Barua

Juma hili hatutazungumza juu ya mapishi wala ushonaji, bali tutazungumza juu ya duka la vyakula, kwani yuko mama mmoja, mke wa sajini, akaaye chini ya mlima wa Wanale, aliyetuuliza jambo ambalo naamini huulizwa usiku katika nyumba nyingi za askari. Mumewe amebakiza mwaka mmoja tu astaafu. Amekwisha kuamua kwamba siku atakapopokea kiinua mgongo chake atakodi chumba mjini Mbale, katika Barabara ya Naboa, akijaze sukari, unga, chumvi, sabuni na mafuta, nao wataishi kwa duka hilo mpaka uzeeni. Fedha yote itaingia humo. Mama huyu anaogopa, lakini hajui hasa anachokiogopa, wala hataki aonekane mke anayemvunja mumewe moyo. Anauliza, “Je, nimwache aendelee, au nimzuie?”

Mama, swali lako ni zito, na jibu lake limeandikwa katika kuta za miji yetu hii miwili, Mbale na Jinja. Kwa hiyo uniwie radhi nikianza mbali kidogo.

Mtu akipita katika mitaa ya zamani ya Jinja huona majengo yenye baraza mbele, na juu, karibu na paa, mwaka wa kujengwa umechorwa katika saruji, na pengine jina la mwenyewe. Mbele palikuwa duka, nyuma palikuwa ghala, na juu au uani ndipo jamaa nzima walipolala. Wengi wa wenye majengo hayo walikuwa watu waliovuka bahari kutoka Bara Hindi, hasa kutoka Gujarat na Kachi. Sisi tuliwaona wamekwisha kuwa matajiri, tukadhani walikuja nao utajiri huo mfukoni. Lakini wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa.

Mmoja wa waliotangulia alikuwa Allidina Visram, aliyezaliwa Kachi mwaka 1851. Alifika Unguja angali mtoto, akajifunza biashara ya misafara katika pwani ya Bagamoyo. Reli kutoka Mombasa ilipokuwa ikijengwa kuelekea Kisumu, ambako ilifika mwaka 1901, yeye alifuatana nayo akifungua maduka njiani, kisha akaingia Uganda na kuwa na maduka katika miji yake mingi, Jinja ukiwa mmojawapo. Alifariki mwaka 1916. Biashara ile kubwa haikudumu muda mrefu baada yake, ingawa jina lake lingali likiitwa katika shule moja maarufu ya Mombasa. Lishike jambo hili, mama, kwani tutalirudia: duka linaloegemea kichwa cha mtu mmoja huweza kuzikwa pamoja naye.

Wa pili ni Muljibhai Madhvani. Alizaliwa Gujarat mwaka 1894, akaja Uganda mwaka 1908, kijana wa miaka 14 tu. Hakuja kumiliki kitu. Alikuja kutumikia katika duka la jamaa zake pale Iganga, mji ambao kila askari aliyesafiri kutoka Mbale kwenda Jinja ameupita. Huko alijifunza kupima, kufunga bidhaa, kuhesabu na kuandika. Baadaye ndipo akaendesha biashara Jinja. Kutoka dukani aliingia katika pamba, na kutoka katika pamba akaingia katika miwa, na mwaka 1930 kiwanda cha sukari cha Kakira, mashariki ya Jinja, kikaanza kazi. Tazama miaka hiyo vizuri. Kutoka kijana wa dukani mpaka mwenye kiwanda ni miaka 22. Alipofariki mwaka 1958 aliacha wana watano, na biashara ikaendelea mikononi mwao, kwa kuwa walikuwa wamefundishwa.

Sasa tuulize, duka dogo kama lile la Iganga lilikuwa likienda namna gani? Mwenye duka la shamba, ambaye watu walimwita dukawala, mara nyingi hakuwa na fedha nyingi. Bidhaa alikopeshwa na mwenye duka la jumla wa mjini, ambaye naye alikuwa amekopeshwa na mfanya biashara wa Kampala au Mombasa. Mlolongo mzima ulishikwa na kitu kimoja, yaani uaminifu wa kulipa siku iliyoahidiwa. Aliyeshindwa kulipa mara moja habari zake zilienea upesi, na mlango wa mkopo ukafungwa. Kwa sababu hiyo shilingi iliyouzwa leo haikuwa ya kula leo. Ilikuwa shilingi ya watu, ikingoja kurudi ilikotoka na kuleta gunia jingine.

Hali kadhalika aliuza vitu kwa vipimo vidogo alivyovimudu maskini: chumvi ya senti chache, mafuta ya taa ya kujaza kibatari, kipande cha sabuni. Katika nchi ya pamba na kahawa mkulima hupata fedha kwa msimu, lakini hula chumvi mwaka mzima; basi dukawala akaandika deni katika daftari mpaka mavuno. Mkewe alikaa kwenye kaunta, na watoto wakitoka shule walipanga mikebe na kujumlisha hesabu. Mshahara hawakulipwa, ila walikula, wakavaa, na wakarithi ujuzi.

Hatusemi haya ili kuwatukuza watu wa asili moja na kuwadharau wengine. Malalamiko dhidi ya maduka yale yalikuwapo, na mengine yalikuwa ya haki. Wako waliolalamikia mizani, wako waliolalamikia bei ya pamba, na Mwafrika aliyetaka kuingia katika biashara ya jumla alikuta mlango umefungwa, kwa kuwa hakuwa na jamaa ndani wa kumdhamini wala benki ya kumsikiliza. Uchungu huo ulikuwa wa kweli. Lakini dawa iliyotumiwa haikuponya ugonjwa, na sisi wa mashariki tunayajua hayo kuliko wengine, kwa kuwa neno lenyewe lilitamkwa kwetu.

Tarehe 4 Agosti 1972, Idi Amin alisimama mbele ya askari huko Tororo, akatangaza kwamba Waasia wataondoka Uganda. Wakapewa siku 90, na mwisho wake ukawa tarehe 8 Novemba. Makumi ya maelfu waliondoka, na miongoni mwao walikuwamo raia wa nchi hii na watu waliozaliwa hapa hapa. Zaidi ya 27,000 walipokelewa Uingereza, na wengine wakaenda India, Kanada na kwingineko. Manubhai Madhvani, mmoja wa wale wana watano, alitiwa gerezani Makindye kabla ya kuondoka. Nyumba, magari, mashamba na maduka vilibaki. Kisha zikaundwa kamati, na mali zaidi ya 5,000 za biashara na mashamba zikagawanywa. Askari walikuwa miongoni mwa waliogawiwa wengi. Mtu alipewa barua, akapewa ufunguo, akafungua mlango na kuziona rafu zimejaa.

Hapa ndipo penye jibu lako, mama. Wale waliogawiwa walipewa jengo zuri, mahali pazuri, na bidhaa bila ya kulipia. Hawakuwa na deni. Kama duka lingekuwa ni kuta na bidhaa tu, basi hakuna watu duniani waliopata kuanza vizuri kuliko wao. Walakini kabla ya muda mrefu mengi ya maduka hayo yalikuwa matupu. Inasimuliwa mpaka leo kwamba wenye maduka wapya hawakujua bei, wakawauliza wateja walizoea kununua kwa kiasi gani, na kwamba yuko aliyeuza mashati kwa kusoma namba ya ukosi, akidhani ndiyo bei. Watu hucheka wanapoyasimulia hayo, lakini si kichekesho. Aliyeuza kwa namna hiyo hakuwa mjinga. Alikuwa mtu wa kazi nyingine aliyekabidhiwa kazi asiyofundishwa.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa kwamba kila kilichouzwa kiliitwa faida. Gunia lilipouzwa, fedha yake ilikwenda kununua gari, au kuoa, au kufanya karamu, na hakuna aliyerudi kwa mwuzaji wa jumla kuleta gunia jingine. Naye mwuzaji wa jumla mwenyewe alikuwa amekwisha kuondoka, na ule mlolongo wa kuaminiana ulikuwa umekatika. Wananchi wakawabandika matajiri wapya jina la “mafuta mingi”. Wakati huo huo mama wa kawaida akapanga foleni kwa ajili ya sukari, chumvi na sabuni, na magendo yakashamiri. Nchi ambayo mwaka 1968 ilitoa tani 152,000 za sukari, ilipofika mwanzo wa miaka ya 1980 karibu haikutoa sukari kabisa. Mke wa askari aliipanga foleni hiyo sawa na mke wa mkulima. Wala tusisahau kwamba wako walioyashika maduka yale kwa bidii wakafaulu, lakini hao walikuwa ni wale waliojua biashara tangu hapo, au waliokubali kujifunza. Akina Madhvani walirudi mwaka 1985 wakaanza kuifufua Kakira, na katika miaka ya 1990 majengo mengi yakarudishiwa wenyewe.

Pengine msomaji atauliza, je, maana yake ni kwamba duka haliwezi kutoka katika mikono ya watu wa asili moja likaingia katika mikono ya wengine na kustawi? La, hasha! Nitakupa mfano wa mbali. Mjini New York, Marekani, liko duka la vyakula na viungo liitwalo Kalustyan's. Lilianzishwa mwaka 1944 na Kerope Kalustyan, Mwarmenia aliyehamia huko kutoka Uturuki, ili Waarmenia wenziwe wapate vyakula vya kwao. Mwaka 1988 duka hilo lilinunuliwa na watu wawili wenye asili ya Bangladesh. Watu hao si wa kabila lake, wala si wa dini yake. Hata hivyo hawakulifuta jina, na duka lingalipo, likiuza viungo vya pande nyingi za dunia. Tofauti yake na Tororo ni nini? Hawa hawakugawiwa, walinunua. Na mtu aliyetoa fedha yake mwenyewe huuliza kwanza duka linakwendaje kabla ya kuushika ufunguo.

Basi sasa, mama, turudi nyumbani kwako. Kiinua mgongo cha mumeo ni haki yake, aliyoipata kwa jasho la miaka mingi. Hakifanani kamwe na barua ya mwaka 1972. Lakini hatari iliyo mbele yenu ni ile ile, yaani kuingia siku moja katika duka lililojaa bila ya kuwa na desturi ya duka. Hicho ndicho unachokiogopa, nawe una haki ya kukiogopa.

Hebu tufanye hesabu ya mfano. Tuseme mumeo ametia katika duka bidhaa za shilingi 2,000,000. Kila siku anauza bidhaa za shilingi 100,000, na katika hizo faida ni shilingi 10,000. Zile 90,000 ni za kurudisha bidhaa. Jioni anazitazama noti kwenye sanduku, moyo unafurahi, naye anachukua 30,000 kwa nyama, nauli, na mchango wa matanga ya jirani. Haoni kosa, kwani amechukua chini ya theluthi moja. Kumbe amekula faida yote 10,000, na juu yake ameumega mtaji kwa 20,000. Akifanya hivyo kila siku, mtaji wake wote utakwisha kwa siku 100. Hakuna mwizi aliyeingia. Hakuna mchawi aliyemroga. Duka limeliwa na wenyewe, kijiko baada ya kijiko.

Dawa yake ni daftari, kwani mali bila daftari huisha bila habari. Na hapa nataka nikupe neno la kumwambia mumeo, neno ambalo halitamvunja moyo bali litampa heshima. Mkumbushe bohari ya kambi. Yeye ni sajini. Anajua kwamba katika bohari hata jozi moja ya viatu haitoki bila ya kutiwa sahihi, na kwamba mtunza bohari akipungukiwa na blanketi moja ataulizwa. Je, mtu aliyeheshimu blanketi la serikali kwa miaka yote hiyo atashindwaje kuheshimu kilo ya sukari yake mwenyewe? Nidhamu ya duka tayari anayo. Kilichobaki ni kuivua gwanda na kuivika aproni.

Shaurini pamoja mambo haya matano.

Kwanza, msingoje siku ya kiinua mgongo. Mmebakiwa na mwaka mzima, na mwaka huo ndio Iganga yenu. Anza wewe mama sasa, kwa idhini ya wakubwa kama ni ndani ya kambi, na genge dogo la chumvi, sabuni, viberiti na unga. Mtaji wake uwe akiba ndogo ambayo hata ikipotea mtoto hatakosa karo. Ukipata hasara ya elfu kumi mwaka huu, umelipa ada ya shule. Ukiipata baadaye katika kiinua mgongo, umelipa kwa uzee wako.

Pili, nyumba ilipwe mshahara kama mtumishi. Amueni ni kiasi gani kitatoka dukani kila juma kwa ajili ya chakula, na kiasi hicho kisizidi faida. Sabuni mtakayoichukua rafuni kwa kufulia iandikwe kama ilivyonunuliwa na jirani.

Tatu, mikopo iwe na mpaka. Kambini watu hukopa wakingoja mwisho wa mwezi, na kumnyima jirani ni vigumu. Basi mweke kiasi kisichozidishwa kwa kila nyumba, na deni la kwanza lisipolipwa la pili lisiandikwe. Mwambie mdai wako kwa upole, “Dada, daftari limekataa,” kuliko kuvunja ujirani kwa ugomvi baadaye. Bidhaa nazo zitoke kwa zamu, ile iliyotangulia kuingia itangulie kutoka, ili unga usije ukaingia fukusi nyuma ya rafu.

Nne, mfundisheni mwingine. Mkumbuke Allidina Visram. Askari huhamishwa, mtu huugua, na mauti hayana barua ya kutanguliza. Mume ajue daftari, mke ajue daftari, na mtoto mkubwa, wa kiume au wa kike, akae kwenye kaunta siku za likizo na kujumlisha hesabu kwa kalamu yake mwenyewe. Hapo ndipo litakapoitwa duka la jamaa.

Tano, fedha yote isiingie mlango mmoja. Mwaka ukiisha, lifungueni daftari la genge na kulisoma wote wawili. Likionyesha kwamba mtaji umeongezeka, basi theluthi moja ya kiinua mgongo iingie katika duka, theluthi iende katika kiwanja au paa la nyumba, na theluthi ikae akiba. Wanajeshi wanacho chama chao cha akiba na mikopo cha Wazalendo, na polisi wana Exodus. Ulizeni masharti mapema, mumeo akiwa bado kazini. Na kama daftari litaonyesha mtaji umepungua, msione haya. Mshukuru Mungu kwamba mmelijua hilo kwa mtaji wa genge.

Kwa hiyo jibu langu, mama, ni kwamba usimzuie, wala usimwache aende peke yake. Mwambie kwamba duka unalitaka kama yeye anavyolitaka, ila ungependa lianze kesho asubuhi, katika meza moja ndogo mbele ya mlango wenu, pamoja na daftari na kalamu. Akikuuliza meza itafaa nini mbele ya fedha inayokuja, mtembeze mpaka mjini siku ya mapumziko, mkatazame yale majengo ya zamani. Mwonyeshe mwaka uliochorwa juu, kisha mwulize huyo mwenyewe alianza kuuza chumvi miaka mingapi kabla ya mwaka huo.

Haba na haba hujaza kibaba. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kuhifadhi unga wa mahindi na maharagwe wakati wa mvua, kwani akina mama kadhaa wametuuliza. Mpaka hapo, kwaherini.